Jinsi Keneli ya Linux Inavyolaza na Kuamsha Diski Ngumu

Diski ngumu ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika hata pale ambapo hakuna programu inayosoma wala kuandika chochote, na katika hali hiyo ya kungoja hutumia takribani wati 4 hadi 6. Mota yake ikisimamishwa, matumizi hushuka hadi kufikia wati 1 au chini yake. Kwa mwenye diski moja tofauti hiyo ni ndogo, lakini seva ya kuhifadhia nakala yenye diski kumi na mbili, inayofanya kazi saa mbili kila usiku na kukaa bure saa ishirini na mbili zinazobaki, hugeuza umeme mwingi kuwa joto lisilomfaa mtu, na joto hilo nalo hudai feni za kuliondoa. Ni jambo la kawaida basi kutaka mota isimame wakati hakuna kazi na izunguke tena kazi inaporejea.

Amri ya kusimamisha mota ni fupi kuliko sentensi hii. Ugumu uko kwingine: kwanza katika kuutengeneza ukimya unaoifanya amri hiyo iwe na faida, kwa sababu mfumo wa uendeshaji ulioachwa na mazoea yake haunyamazi kamwe, na pili katika kuhakikisha kwamba ombi linalofika wakati diski imelala, au iko katikati ya kulala, halipotei wala halichukuliwi kuwa hitilafu. Mambo haya mawili ni wajibu wa keneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimama kati ya programu na vifaa. Nitayaeleza kwa kuitumia Linux, ambayo msimbo wake unasomeka na kila mtu na mabadiliko yake yamehifadhiwa hatua kwa hatua.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kasha. Vichwa vya kusomea na kuandikia huelea juu ya sahani, zile zinazobeba data, kwa kubebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko wa sahani zenyewe. Mzunguko ukipungua huku vichwa bado viko juu ya sahani, hewa hiyo haitoshi tena kuvibeba. Kwa hiyo kabla mota haijasimama diski huvirudisha vichwa kwenye egesho, ambalo katika diski nyingi za sasa ni kijukwaa cha mteremko kilicho kando ya ukingo wa sahani. Umeme ukikatika ghafla, diski bado ina njia ya kujiokoa: sahani zinazoendelea kuzunguka huigeuza mota kuwa jenereta kwa muda mfupi, na umeme huo mdogo huvivuta vichwa hadi egeshoni. Urudishaji huu wa dharura ni mkali kuliko ule wa kawaida, na diski hustahimili idadi ndogo zaidi ya matukio ya aina hiyo katika maisha yake.

Kuamka nako kuna gharama. Mota inayoanza kutoka kusimama kabisa huhitaji mkondo mkubwa. Diski ya inchi 3.5 inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12 hadi kasi itakapotimia, na hilo huchukua sekunde kadhaa, mara nyingi zikikaribia kumi. Katika ulimwengu wa kompyuta muda huo ni mrefu mno. Ombi ambalo kwa kawaida lingejibiwa kwa milisekunde kumi hivi sasa linasubiri mara mia kadhaa au hata elfu moja ya muda huo.

Kanuni za ATA, ambazo diski nyingi za kompyuta binafsi huzifuata, zinatambua hali nne za umeme. Ya kwanza ni ya kazi. Ya pili ni ya kungoja, ambapo sahani zinazunguka lakini baadhi ya vipande vya kielektroniki vimepumzishwa. Ya tatu ni ya kusubiri mota ikiwa imesimama, ambamo diski bado husikiliza amri na huamka yenyewe ikihitajika kusoma. Ya nne ni usingizi mzito, ambao diski haitoki hadi kidhibiti, yaani kipande cha kompyuta kinachowasiliana nayo, kiianzishe upya. Makala haya yanahusu zaidi hali ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayotumika kila siku. Ya nne haitumiki sana, kwa sababu inayaongezea maisha ya keneli ugumu mkubwa kwa faida ndogo.

Amri iitwayo STANDBY IMMEDIATE huiambia diski isimamishe mota sasa hivi. Ndugu yake, STANDBY, huweka kipima muda kilicho ndani ya diski yenyewe, ili diski isimame kila inapokaa bila kazi kwa muda uliotajwa. Muda huo huandikwa kwa namba moja tu ya kati ya 0 na 255, na namba hiyo haisomeki kirahisi: 0 huzima kipima muda, 1 hadi 240 huhesabu vipande vya sekunde tano na hivyo kufikia dakika 20, kisha 241 hadi 251 huhesabu vipande vya nusu saa hadi saa tano na nusu. Anayetumia hdparm, programu ya Linux ya kuweka mipangilio ya diski, na kuandika 242 akidhani ni sekunde 242 au ni dakika ishirini na kidogo, ameiagiza diski yake ingoje saa nzima.

Diski zinazofuata kanuni za SCSI, lugha nyingine ya kuzungumza na diski, pamoja na diski za USB zinazojionyesha kwa sura hiyo, hutumia amri tofauti, START STOP UNIT, yenye uwezo wa kusimamisha na kuanzisha pia. Linux huziona karibu diski zote kupitia draiva moja ya SCSI, yaani programu ya keneli ya kuendeshea kifaa, kwa hiyo amri hiyo ikielekezwa kwa diski ya ATA ni lazima itafsiriwe njiani. Kusimamisha hutafsiriwa bila shida. Kuanzisha hakuna tafsiri ya moja kwa moja, kwa kuwa katika matumizi ya kawaida diski ya ATA iliyosimama huamshwa na haja ya kuzigusa sahani. Suluhisho la Linux ni kutuma amri ya kuhakiki sekta moja, yaani kipande kidogo cha sahani: diski hulazimika kuizungusha mota ili iikague sekta hiyo, ingawa hakuna data inayosafiri kurudi kwenye kompyuta. Ninaipenda njia hii kwa sababu inaheshimu kile ambacho diski inajua kufanya.

Lini basi diski ilazwe? Mwenye mashine ya kusaga nafaka anajua hesabu hii bila kuiandika: akizima injini kila mteja anapoondoka, mafuta na betri vitaishia katika kuiwasha upya, na akiiacha ingurume mchana kutwa, vitaishia katika kungoja wateja. Tuchukue mfano wa diski inayotumia wati 5 ikingoja na wati 1 ikisimama, ambayo kuamka kwake huchukua sekunde kumi kwa wastani wa wati 20. Kuamka huko kunakula juli 200, na kama diski isingelala ingetumia juli 50 katika sekunde hizohizo, kwa hiyo gharama ya ziada ni juli 150. Kila sekunde ya usingizi huokoa juli 4. Ukimya unaozidi sekunde 38 hivi una faida. Ulio mfupi kuliko hapo ni hasara.

Tatizo ni kwamba keneli haijui ukimya utadumu muda gani. Hapa kuna matokeo mazuri ya nadharia: ukingoja kwa muda ulio sawa na ule wa mizani, yaani sekunde 38 katika mfano wetu, kisha ukalaza diski, gharama yako ya ziada haitazidi mara mbili ya ile ya mtu anayejua yajayo. Katika hali mbaya kuliko zote ombi linafika mara tu baada ya diski kusimama. Umepoteza juli 150 kwa kungoja na juli 150 nyingine kwa kuamsha, ilhali mjuzi wa yajayo angepoteza 150 tu. Hakuna kanuni nyingine ya kusubiri muda maalumu, isiyobahatisha, inayoweza kuahidi zaidi ya hapo.

Lakini umeme si gharama pekee. Watengenezaji hutaja idadi ya mara ambazo diski inatarajiwa kusimama na kuanza, na kwa diski nyingi za mezani idadi iliyozoeleka ni 50,000. Diski inayolala na kuamka kila baada ya dakika mbili hufanya hivyo mara 720 kwa siku, na kufikisha idadi hiyo kabla ya siku 70 kwisha. Inayolala mara tano kwa siku ingehitaji zaidi ya miaka 27. Ndiyo sababu vipima muda vya kweli huwekwa dakika kumi, ishirini au zaidi, mbali sana na sekunde 38 za hesabu ya umeme. Anayelaza diski kwa pupa anaokoa shilingi za umeme na kulipia diski mpya.

Sasa tuingie katika sehemu ninayoiona kuwa kiini cha suala zima. Chukua kompyuta yenye Linux, funga programu zote, usiguse kibodi, weka kipima muda cha diski kwenye dakika kumi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba diski haitalala hata mara moja. Sababu haimo ndani ya diski.

Programu inapoandika kwenye faili, keneli haipeleki data hiyo diskini papo hapo. Huiweka katika kumbukumbu ya RAM, kwenye akiba ya kurasa, na kuutia ukurasa husika alama kwamba umebadilika na bado haujaandikwa. Kwa mipangilio ya kawaida, kila baada ya sekunde 5 keneli huamka kuangalia kurasa za aina hiyo, na ukurasa uliokaa zaidi ya sekunde 30 hupelekwa diskini. Mfumo wa faili, yaani mpango wa kupanga mafaili diskini, nao una daftari lake la mabadiliko, na katika ext3 na ext4, mifumo ya faili ya Linux, daftari hilo hufungwa kila baada ya sekunde 5. Vipindi hivi vilichaguliwa kwa lengo jema la kupunguza data inayopotea umeme ukikatika. Kwa diski inayotaka kulala ni wagonga mlango wasiochoka: programu moja inayoandika mstari mmoja wa kumbukumbu za matukio kila dakika inatosha kuinyima diski usingizi usiku kucha.

Lililokuwa baya zaidi ni desturi ya kuandika muda ambao faili lilisomwa kwa mara ya mwisho. Unix iliirithisha Linux desturi hiyo, na matokeo yake ni kwamba kusoma kulizaa kuandika. Programu ingeweza kusoma faili lililokwisha kuwekwa kwenye RAM, bila kuihitaji diski hata kidogo, na bado sekunde chache baadaye diski ingeamshwa ili iandikwe kwamba faili limesomwa. Sidhani kuna mfano ulio wazi zaidi wa tabaka la juu kuharibu kazi ya tabaka la chini bila habari. Tangu toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, Linux kwa kawaida huandika muda huo pale tu ambapo ule wa zamani haujazidi muda wa mabadiliko ya mwisho ya faili, au umepitwa na saa 24. Anayetaka ukimya kamili huweza kuuzima uandishi huo kabisa anapofungamanisha mfumo wa faili.

Mbinu kubwa ya kutengeneza ukimya iliingia katika keneli zama za matoleo ya 2.4 na 2.6 kwa jina la hali ya kompyuta mpakato, na wazo lake ni la busara sana. Kazi ya kuandika haipungui; inakusanywa mahali pamoja. Keneli huruhusiwa kuziacha kurasa zilizobadilika zikae RAM kwa muda mrefu, dakika kumi katika mipangilio iliyopendekezwa, badala ya sekunde 30. Kisha, jambo lolote likiamsha diski, kwa mfano programu inayosoma faili lisilokuwepo kwenye RAM, keneli huichukua nafasi hiyo: sekunde chache baada ya usomaji huo kumalizika huandika kila kitu kilichokuwa kikingoja, kwa kuwa mota tayari inazunguka na gharama ya kuiamsha imekwisha kulipwa. Safari ndogo ndogo thelathini za diski hugeuka moja, na kati ya safari na safari kunakuwa na ukimya mrefu unaostahili usingizi.

Bei yake haifichiki. Umeme ukikatika au keneli ikianguka, kazi ya hadi dakika kumi inaweza kupotea. Kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima bei hiyo inavumilika, kwa sababu betri hulinda dhidi ya kukatika kwa umeme ukutani. Kwenye seva isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme nisingeishauri hata kidogo. Pia mbinu hii haina nguvu juu ya programu inayoita fsync, yaani inayodai data yake iwe imefika diskini kabla haijaendelea. Hifadhidata hufanya hivyo kwa haki. Baadhi ya programu nyingine hufanya hivyo kwa mazoea tu, na programu moja ya namna hiyo inatosha kuvuruga mpango wote.

Ukosefu wa mawasiliano kati ya matabaka uliwahi kuleta madhara ya kweli. Kuna diski zilizotengenezwa na kipima muda cha ndani cha sekunde 8, ambacho hurudisha vichwa egeshoni bila kusimamisha mota, na ambazo idadi inayotarajiwa ya kuegesha ni 300,000. Sekunde nane zinaonekana nyingi kwa mhandisi wa diski. Zikikutana na mfumo unaoandika kitu kidogo kila baada ya sekunde 30, vichwa huegeshwa na kutolewa mara 2,880 kwa siku, na idadi yote huisha katika siku 104 hivi. Diski ilifuata kanuni zake na keneli ikafuata zake, na hakuna upande uliokuwa umekosea ukiutazama peke yake. Walioathirika waligundua kwa kusoma taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, ambamo sifa ya 193 huhesabu maegesho hayo.

Hili linanileta kwenye swali la nani ashike saa. Kipima muda cha ndani ya diski kina sifa moja kubwa: kinafanya kazi bila kuhitaji chochote kutoka kwa keneli. Upungufu wake ni kwamba diski haijui kama kuna kurasa zinazongoja kuandikwa sekunde mbili zijazo, na keneli haijulishwi kwamba diski imesimama. Mimi naona saa inapaswa kuwa mikononi mwa keneli, iliyo karibu na foleni ya maombi na inayoweza kuyaona yanayokuja. Linux ina utaratibu wa aina hiyo, unaolaza kifaa kimoja kimoja wakati mfumo mzima unaendelea kufanya kazi, na tabaka la maombi ya diski liliunganishwa nao mwaka 2013 katika toleo la 3.10. Kwa diski umezimwa hadi msimamizi auwashe mwenyewe kwa kuweka muda wa kusubiri katika milisekunde, jambo la tahadhari linaloeleweka ukikumbuka hesabu za uchakavu hapo juu.

Utekelezaji wake unafundisha mengi. Kila ombi linapokamilika, keneli huandika muda wa sasa kama wakati wa mwisho wa shughuli. Muda uliowekwa ukipita, keneli haikimbilii kutuma amri ya kusimama, kwa sababu katika nafasi ndogo kati ya kuamua na kutenda ombi jipya linaweza kuingia kupitia kichakato kingine. Kwanza huifunga foleni kwa maombi ya kawaida, kisha huhesabu kama kuna ombi lolote lililokwisha kuingia. Likiwepo hata moja, hufungua foleni, huacha mpango wa kulaza na kurudi kusubiri. Lisipokuwepo, usingizi huanza, na ombi lolote litakalofika litajikuta mlangoni, likingoja huku likiwa limeacha ujumbe kwamba diski iamshwe.

Hapo hujitokeza fumbo: amri ya kusafisha akiba ya ndani ya diski, yaani kuiandika kwenye sahani data iliyomo, na amri ya kusimamisha mota zenyewe ni maombi, na lazima zipite kwenye foleni hiyohiyo iliyofungwa. Amri ya kuamsha pia. Bila mpango maalumu diski ingeshindwa kulala kwa sababu foleni imefungwa, au ingelala na kutoamshika milele. Keneli huyatia maombi haya alama ya pekee inayoyaruhusu kupita mlango uliofungwa kwa wengine. Mpangilio wa hatua nao ni sheria isiyovunjwa: akiba ya diski husafishwa kwanza na mota husimama baadaye, kwani data iliyobaki katika akiba hiyo ingeilazimisha diski kuamka tena, au ingepotea umeme ukikatwa.

Katika kuamka, hatari kubwa ni keneli kuikatia tamaa diski mapema. Ombi la kawaida la diski katika Linux lina kikomo cha sekunde 30. Likizidi hapo, keneli hudhani kuna hitilafu na huanza matibabu, ambayo hatua yake nzito ni kukianzisha upya kiungo kizima kati ya kompyuta na diski. Diski moja inayoamka kwa sekunde kumi haina shida na kikomo hicho. Pale kiungo kinapoanzishwa upya, sehemu ya keneli inayoshughulikia ATA husubiri kwa awamu za sekunde 10, 10, 35 na 5, na maelezo yaliyomo ndani ya msimbo yanasema kwamba diski nyingi huwa zimeshika kasi ndani ya sekunde 10 na zaidi ya asilimia 99 ya diski zisizo na hitilafu huwa tayari kabla ya sekunde 20. Awamu ndefu ya 35 imewekwa kwa ajili ya zile chache zilizobaki. Uvumilivu huu uliandikwa kwa makusudi, na unaokoa diski ambazo zingetangazwa kufa zikiwa bado zinaamka.

Diski zikiwa nyingi, tatizo huwa la umeme. Kumi na mbili zikiamka kwa pamoja kwa ampea 2 kila moja huvuta ampea 24 kwenye volti 12, yaani wati 288 kwa mota peke yake, na usambazaji dhaifu wa umeme, au kifaa kidogo cha kubadili umeme wa betri, hauwezi kustahimili hata kama unazimudu diski hizo zikiwa kazini. Kwa hiyo vidhibiti vingi huziamsha kwa zamu, na diski zinaweza kuwekwa zisizungushe mota zinapopata umeme hadi keneli izitumie amri mahususi. Kwa upande mwingine, safu za RAID ya programu, yaani diski kadhaa ambazo keneli huziunganisha zifanye kazi kama moja, hupata adha iliyo kinyume: usomaji unaohitaji diski ya kwanza huiamsha hiyo tu, ukimalizika unahitaji ya pili, nayo ndiyo kwanza inaanza kuamka. Diski nne zikiamka kwa kufuatana hivyo, mtumiaji husubiri nusu dakika au zaidi kufungua folda moja. Anayelaza diski za RAID afadhali apange ziamshwe zote mara moja, mradi umeme wake unatosha.

Kuzima kompyuta ni tukio ambamo makosa ya mpangilio hujitokeza waziwazi, na mwaka 2007 Linux ililazimika kulirekebisha. Hadi wakati huo programu ya kuzimia mfumo ndiyo iliyotuma amri ya kusimamisha diski za ATA kabla ya umeme kukatwa. Toleo la 2.6.22 lilipoikabidhi keneli kazi hiyo, pande mbili zikawa zinaifanya: programu iliisimamisha diski, kisha keneli ikatuma amri ya kusafisha akiba. Baadhi ya diski ziliamka kwa amri hiyo ingawa hazikuwa na cha kuandika, na mtumiaji alisikia mota ikizima, ikiwaka na kuzima tena. Katika mpangilio mbaya zaidi umeme ungekatwa sahani zikiwa zinashika kasi, na vichwa kurudishwa kwa ile njia ya dharura. Keneli ilifundishwa kutambua kwamba programu imekwisha kutuma amri, kuacha kuirudia, na kutoa onyo kwa herufi kubwa kwamba huenda diski haijasimamishwa ipasavyo na kwamba programu ya kuzimia inahitaji kusasishwa.

Kuamka kwa mfumo mzima kutoka usingizini nako kuliboreshwa. Kabla ya toleo la 3.15 la mwaka 2014, kompyuta iliyofunguliwa iliisubiri diski ishike kasi ndipo iendelee na hatua zilizofuata, ilhali skrini, mtandao na programu nyingi zilizomo RAM hazikuihitaji diski katika sekunde hizo za kwanza. Mabadiliko yaliyotoka kwa mhandisi wa Intel, Todd Brandt, yaliiruhusu keneli kutuma amri ya kuamsha na kuendelea bila kungoja jibu. Mwaka 2023 Damien Le Moal alitenganisha uamuzi wa kusimamisha diski mfumo unapolala na uamuzi wa kusimamisha diski moja wakati wa kazi, ambayo awali yalishikwa na kitufe kimoja. Ni mabadiliko madogo kwa macho, lakini yaliondoa hali ambamo tabaka la SCSI na tabaka la ATA yalisubiriana wakati wa kuamka.

Kwa msimamizi ambaye diski yake bado inakataa kulala, mahali pa kwanza pa kutazama ni programu zinazouliza hali ya diski. Kuna swali moja la ATA, CHECK POWER MODE, ambalo diski iliyosimama hulijibu bila kuamka, kwa kurudisha namba 00 ikiwa mota imesimama. Maswali mengine, hasa baadhi ya yale ya joto na afya, yanaweza kuizungusha mota au kuanzisha upya hesabu ya kipima muda. Programu ya smartctl, inayosoma taarifa za SMART, ina chaguo la kuuliza CHECK POWER MODE kwanza na kujiondoa ikiwa diski imelala, na smartd, mwenzake anayefuatilia taarifa hizo muda wote, inaweza kuwekwa kufanya vivyo hivyo. Diski za USB ni habari tofauti: baadhi ya vipande vinavyounganisha USB na ATA havipitishi amri ya kipima muda, na hapo hufaa programu kama hd-idle, inayosoma takwimu za shughuli za kila diski katika /proc/diskstats na kutuma START STOP UNIT muda uliowekwa ukipita. Takwimu hizohizo, zikisomwa mara mbili kwa kupishana dakika moja, huonyesha kama kilichoiamsha diski ni usomaji au uandishi, na kwa uandishi jibu mara nyingi liko katika daftari la mfumo wa faili, katika kumbukumbu za matukio, au katika programu inayoita fsync bila sababu.